Ilishuka, Aliishusha

…na aya ya pili ndiyo iliyomkwamisha, maana ya kwanza ilijiandika yenyewe, Profesa Silvesta Chilumba alizaliwa Newala mwaka 1958, akasoma, akasoma tena, akasoma mpaka kusoma kukawa ndiyo kazi yake, na ya tatu ni ya shukrani tu, shukrani hazina shida, lakini ya pili, ile ya utumishi wake Serikalini, kila akiianza inamfia kinywani, na Violet, katibu muhtasi wa ile ofisi kubwa, alikuwa amesema kwenye simu, ukurasa mmoja tu, Profesa, aya tatu, tutausoma wakati unavishwa nishani, tuma kabla ya Ijumaa, na leo ni Jumatano, na Profesa amekaa kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Ndanda, mikono juu ya magoti, macho ameyafumba kama alivyoagizwa, matone mawili kushoto, mawili kulia, yanachoma kidogo kisha hayachomi, kama kila kitu siku hizi, kinachoma kidogo kisha hakichomi… "Mzee, fumba hivyo hivyo," nesi alikuwa amesema, jina lake Anastasia, alilisoma kifuani pake kabla ya matone, "usifumbue mpaka nirudi, dakika ishirini, dawa ikipanua mboni daktari ataona mpaka ndani," na yeye akajibu, "Ndiyo," ndiyo tu, neno alilolisema kuliko yote maishani, kwenye vikao, kwenye simu, kwa mkewe Evelina aliyebaki Dar es Salaam na wajukuu, ambaye mwaka mmoja alimwambia, Baba Emmanuel, tangu ile ajali umekuwa kama mgeni aliyekaa sana, unakula, unashukuru, unakwenda kulala, na yeye akamjibu, ndiyo.

Ukifumba macho mchana hupati giza, unapata wekundu wa kope zako mwenyewe, na ndani ya wekundu huo harufu zinakuja moja moja, spiriti, sabuni ya sakafu, na salfa, kwani ni Julai na kila mkulima aliyeketi benchi hili ameshuka na salfa ya mikorosho kwenye nguo zake, haitoki hata ukifua, hapo kushoto kuna wawili watatu wananukia hivyo, wanawake, amewasikia wakiketi, mmoja akisema sogea kidogo mwenzangu, mwingine akikohoa, na mbali kule karakana ya misheni mtu anapasua ubao kwa msumeno wa umeme, sauti inapanda, inakwama, inapanda tena… alizaliwa Newala, hapo Violet ataridhika, lakini ukurasa mmoja hauna pa kuandika ule ukingo, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linalala chini lote, ng'ambo ni Msumbiji, na yeye mtoto wa miaka minane amekaa kwenye jiwe anamsubiri mama yake apande na ndoo ya maji kutoka kisimani bondeni, mwendo wa asubuhi nzima, maana Newala maji yalikuwa chini na watu juu, na vita ya Mreno ilikuwa ng'ambo, na ndege za Mreno zilifuata mto, na siku moja ndege moja ikakosea, ikavuka, ikaja upande huu, chini yake, ndiyo, chini yake, watoto wengine duniani huona ndege kwa tumbo, yeye wa Newala aliiona kwa mgongo, mabawa yote mawili yamenyooka, nati zake zinang'aa, na chini ya ndege ile, kwenye kinjia, mama yake alikuwa amelala kifudifudi, ndoo imebiringika, maji yamemwagika, na mtoto yule hakulia, hakumwita mama, alikuwa akijiuliza, inashikwa na nini, ile, mbona haianguki, na ndege ikapita, mama akainuka, akajikung'uta, akarudi kisimani kujaza upya, na jioni alipofika alimuuliza, uliniogopea, mwanangu, akajibu ndiyo… uongo wa kwanza, huo, wala hakuna aliyemlazimisha.

Kisha shule hapa hapa Ndanda, na bruda mmoja Mjerumani wa karakana aliyempa tupa na kipande cha chuma, akamwambia kifanye kiwe bapa, akakipiga tupa wiki nzima mpaka kikawa bapa kama meza ya altare, bruda akakiwekea rula ya chuma mbele ya dirisha, akaona uzi wa mwanga unapita chini yake, akamrudishia bila neno, na hilo lilikuwa somo kubwa kuliko yote ya Kiev, majira matano ya baridi, na ya Uholanzi, ambako aliandika kurasa mia tatu na kumi kueleza jambo moja tu, kuchoka kwa chuma, kwamba chuma hakivunjwi na mzigo mkubwa wa siku moja, kinavunjwa na mzigo mdogo unaorudiwa, leo kidogo, kesho kidogo, kwa nje kinang'aa vile vile, na siku kinapokatika watu husema ghafla, kimekatika ghafla, wakati ndani kilianza zamani… Akarudi nyumbani kufundisha uhandisi wa ndege kwa wanafunzi ambao hawakuwa na ndege, akaomba bawa la ndege mbovu uwanjani Dar es Salaam, akalileta chuoni kwa lori, akaliweka uani juu ya matofali, wakalipima kwa vidole na rula mpaka likawa jeusi kwa viganja, na mwaka mmoja akaja kijana mwembamba wa kwao Newala, Edson, akalizunguka bawa lile mara mbili, akauliza, Profesa, hili mpaka linafika hapa lilikuwa limeruka mara ngapi? Miaka ishirini na sita ya kufundisha, hakuna mwingine aliyewahi kuuliza hivyo. Wengine waliuliza ni la ndege gani. Edson aliuliza limechoka kiasi gani, bila kujua kwamba ndicho anachouliza. Na mwaka wa pili akaja ofisini, Profesa, mimi nataka kurusha, sitaki kukokotoa tu, na Profesa akamwandikia barua ya kumsifia kwenye chuo cha urubani, barua nzuri, angeulizwa leo angeikariri neno kwa neno…

"…mtoto wa jicho, yote mawili," mmoja wa wanawake wale wa kushoto anasema, sauti nzito, ya chini, kama ya mtu mwenye mafua, "watu nawaona kama moshi." "Mimi moja tu," mwenzake anajibu, "Khalidi wangu kasema mama nenda Ndanda, kule watakutengeneza, basi nikapanda basi." "Na wewe wamekutia dawa?" "Wamenitia, nimefumba." "Hata mimi." Na wakacheka kidogo, wamefumba macho wote, benchi zima wamefumba, kama watoto wanaosali… sauti ile nzito, Profesa akaisikia ikimgusa mahali, mahali gani, hakupajua, akaiacha ipite, akarudi kwenye aya ya pili, miaka kumi na mmoja mshauri wa Serikali katika mambo ya sayansi na anga, na kila kikao mkubwa alimtambulisha hivyo hivyo, huyu ndiye mtu wetu wa maroketi, watu wanacheka, naye anacheka, hajawahi kushika roketi, yeye mtu wa nati, pini na bawaba, aliandika andiko la droni za kupuliza salfa, likasifiwa, likafungiwa kabatini, aliandika la setilaiti, akaambiwa lina upeo mkubwa, akajifunza kwamba ushauri unaopendwa ni ule unaofika ukiwa umeshakubaliwa, chai ilikuwa nzuri, na sambusa, na kiyoyozi, na kidogo kidogo aliacha kuweka vitu mbele ya dirisha kutazama kama mwanga unapita chini.

Halafu ule mradi, wake mwenyewe, hakuna wa kumsingizia, kupiga picha mashamba yote ya mikorosho kutoka angani ili ijulikane miti iko mingapi na ipi inakufa, jambo la maana kwa watu wa kwao, ndege ndogo ikakodiwa kwa kampuni fulani, ikawekwa uwanja wa Nachingwea, rubani Edson, fundi wa picha kijana mmoja Kulwa wa Shinyanga, na Profesa alipoona jina la Edson kwenye karatasi alifurahi, ndiyo, alikuwa bado anafurahi wakati ule. Kisha ikaja barua, ndege imefikia saa za kukaguliwa mkia, kipuri kitachukua wiki tatu kufika, na mawingu yako karibu, je, mshauri anaona ubaya kuongeza saa hamsini za kuruka kabla ya ukaguzi? Alikuwa anatoka kikao kimoja kwenda kingine. Aliisomea mlangoni, amesimama, faili mkononi mwa karani. Hakuna pingamizi, akaandika, akatia sahihi. Yeye, wa kurasa mia tatu na kumi. Katika saa ya thelathini na nane kati ya zile hamsini ndege ikaanguka porini upande wa Nanganga, Edson na Kulwa wakafa palepale, na Profesa akateuliwa mwenyekiti wa kamati ya kuchunguza, nani mwingine, hakuwapo mwingine anayejua, na siku ya tano aliikuta pini ya bawaba ya mkia, ile inayoshika ubao unaoinua na kuinamisha pua ya ndege, imekatika vipande viwili, akaiweka chini ya lenzi, na mle ndani ya mkato mistari midogo imepangana kama ya kisiki cha mti, kila mstari safari moja, safari baada ya safari ule ufa ulikuwa unatembea, na mkaguzi mwenye tochi angeuona, na mkaguzi hakwenda kwa sababu palikuwa na karatasi inayosema hakuna pingamizi.

Hakuna aliyemtisha. Hili angependa lieleweke, ingawa hana wa kumweleza, hakuna aliyemtisha wala kumpa kitu, aliitwa tu na Katibu Mkuu wa wizara, mtu mstaarabu, chai ikaletwa, na rasimu ya taarifa ya Kiswahili, ile ya kusomewa wafiwa, ilikuwa mezani, na Katibu akaweka kidole, hapa, Profesa, umeandika ndege ilishuka chini ya kimo kilichoruhusiwa, sasa ndege haishuki yenyewe kama mbuzi, si ina mtu, kwa nini tusiseme rubani aliishusha ndege chini ya kimo kilichoruhusiwa? Ilishuka, aliishusha, ni herufi tu hizi. Na pini? Pini iwekwe kwenye kiambatisho, nani kasema iondolewe, kiambatisho cha nne. Na Katibu akamimina chai, akasema, marehemu hapotezi kazi, Profesa, sisi wengine tuna mradi wa kuulinda, setilaiti yako hiyo iko mezani mwezi ujao… na Profesa akatazama maneno yale mawili, ilishuka, aliishusha, akasikia uchovu, uchovu tu, kama mtu anayeombwa asogeze mguu ili mwenzake apite, akasema ndiyo. Taarifa ikachapwa, viambatisho havikuchapwa. Setilaiti haikufika mezani mwezi ule wala mwingine. Na kuanzia hapo ndipo ganzi, hakujua iliingia lini hasa, siku aliyosaini au siku aliyosoma, maana aliisoma mwenyewe, miezi mitatu baadaye, ukumbi wa wilaya Newala, kipaza sauti kinakoroma, na mstari wa mbele alikaa mama yake Edson, Perpetua, Mama Edson, kajitanda kitenge cheusi, na alipomaliza kusoma akauliza nani ana swali, na mama yule akasimama, swali moja tu, kwa sauti nzito ya chini, kama ya mtu mwenye mafua…

Ni yeye. Mikono yake ikabaki juu ya magoti. Ni yeye huyu, hatua mbili kushoto, amefumba macho, ananukia salfa, na mama yule alipoingia, Profesa alikuwa tayari amefumba, na mama mwenyewe, hata kabla ya matone, huwaona watu kama moshi… alikuwa ameuliza, kwa nini alishuka? Hivyo tu. Mwanangu, kwa nini alishuka? Na mwenyekiti wa kamati akainamia kipaza sauti, akajibu, hatuwezi kujua, mama. Mama Edson akaitika kwa kichwa, akakaa, ukumbi ukapata soda. Amerudi kuishi Newala miaka minne sasa, amejenga juu ya ukingo, watu wanamwita Profesa wa Ndege, na miaka minne amepanga njia zake zisipite kwa Mama Edson, kanisani anasali misa ya kwanza kwa sababu mama yule husali ya pili, sokoni haendi Jumamosi, na hakuona kwamba anamkwepa, aliona kwamba ndivyo ratiba yake ilivyo… angeweza kuinuka, angefumbua macho akaenda zake uani, mwanga ungemwumiza kidogo, basi. Hakuinuka.

"Na nyumbani una nani?" Mama Khalidi anamwuliza mwenzake. "Nina binti, kaolewa Tandahimba. Wa kiume alikufa." "Pole, mwenzangu. Aliugua?" "Ndege." "Ndege?" "Alikuwa anarusha. Rubani." "Usiniambie ni yule wa Newala! Aliyeanguka kule Nanganga na mpiga picha?" "Ndiye huyo. Mwanangu." "Yalaa… walisema alishuka mno, siyo? Tulisikia redioni." "Walisema," Mama Edson anasema, na msumeno wa karakana ukanyamaza, au ulikuwa umenyamaza zamani, "walisema alishuka, nikauliza kwa nini, wakasema hawajui. Mimi najua." Na Profesa ndani ya wekundu wake akafikiri, anajua, mtu kampa kile kiambatisho, nani, na akajitazama kama ataogopa, hakuogopa, akangoja tu, kama anayengoja namba yake iitwe… "Jumapili ile alinipigia simu. Akaniambia, mama, wiki hii tunapiga picha mikorosho ya huko kwenu, nitapita juu ya shamba lako. Nikamwambia, basi shuka kidogo nikuone, ndege zenu zinapita juu huko, mtu hajui ni mwanawe au wa mwenzake. Akacheka, akasema mama, hairuhusiwi. Nikamwambia, kidogo tu, Edson, kwani mimi si mama yako? Halafu akasema haya, mama. Nikatandika kanga nyekundu juu ya paa la kibanda cha shambani, apaone. Nikakaa. Jua likawa kali, nikakaa. Wakaja watu wa kata kunichukua, kanga iko juu pale pale." "Lakini si alianguka Nanganga, mbali na kwenu?" "Mbali. Nimelifikiria sana hilo. Si kama gari, mwenzangu? Gari hupunguza mwendo kabla ya kufika. Alianza kushuka mapema, anipitie vizuri. Alikuwa mtiifu yule mtoto. Nilimwambia shuka, akashuka." Akashusha sauti. "Hilo la simu sijamwambia mtu, hata padri, hata binti yangu. Mwaka wa tisa huu. Nakwambia wewe kwa kuwa hatuonani, na tukitoka hapa kila mtu anapanda basi lake."

Mama Khalidi akasema jambo kwa Kimakonde, taratibu, neno moja la kubembeleza, na Profesa hakulisikia vizuri kwa sababu alikuwa anahesabu, ndivyo alivyozoea, kitu kikiwa kikubwa alikitafutia hesabu, Nanganga iko chini, mita mia mbili na kitu juu ya usawa wa bahari, labda tatu, na Newala iko zaidi ya mia saba, basi ndege inayotoka Nachingwea kwenda Newala, ikifika Nanganga, mbele yake kuna uwanda umesimama kama ukuta, hakuna namna ya kushuka ili umsalimie mtu wa Newala, kila anayepanda basi Masasi anajua, dereva anabadili gia, masikio yanaziba, na miaka tisa mwanamke huyu ameishi juu ya uwanda huo huo, amepanda na kushuka njia hiyo hiyo, na hakuweza kuliona jambo hilo, kwa sababu karatasi yenye nembo ilimwambia aliishusha, na yeye Silvesta, mtoto wa ukingoni, mwenye pini chini ya lenzi, mwenye kimo cha kila kilima kichwani, hakulifikiria hata mara moja, maana hakuhitaji, kwake sentensi ile ilikuwa imemwangukia maiti, na maiti haumii, marehemu hapotezi kazi, aliamini hivyo, aliamini kabisa, alidhani deni lote lilizikwa na Edson, kumbe mama yule alikwisha kuliokota, siku ile ile, ukumbini, yeye Silvesta aliposema hatuwezi kujua, mama, alimwachia mwanya, na mama akaenda nyumbani akajaza mwanya ule kwa kitu alichokuwa nacho, akajaza kwa simu yake ya Jumapili… na ndipo kifuani kitu kikaanza, si kikubwa, kama mkono uliolaliwa muda mrefu damu inaporudi, unawasha kwanza, kisha unauma, kisha unauma zaidi, akataka kusimama, akataka kusema ndiyo, hapakuwa na wa kumwambia ndiyo, hakuna aliyemwuliza kitu.

Angeweza kuandika barua. Angeweza kumpigia Violet kwanza, kusema iondoeni hiyo nishani, au asubiri Ijumaa ipite, au amwone mwanasheria, wajumbe wengine wa kamati wako kazini mpaka leo, kuna utaratibu wa kufungua upya taarifa, kuna kamati za kufungua kamati… akajisikia mwenyewe, sauti yake ya vikao, safi, ya taratibu, ikitandika njia ndefu ya kutofika, na akaikatiza. "Mama Edson," akasema. "Nani huyo?" "Silvesta. Silvesta Chilumba." "Chilumba… Profesa?" "Ndiyo." Na ukapita muda ambao angeweza kusikia kila kitu ndani yake, hofu ya mama yule, kwamba ameongea mbele ya mtu, aibu yake, akiipima, kisha adabu ikashinda, ile adabu ya kwao ambayo haimwachi mtu hata akianguka. "Habari za siku, Profesa. Na wewe macho?" "Na mimi macho." "Pole." "Asante." Angeweza kuishia hapo. Mara nyingi maishani ameishia hapo.

"Mama Edson, nimesikia uliyosema. Hakushuka." Akaendelea. "Hakushuka kwa ajili yako wala kwa ajili ya mtu. Pini ya mkia ilikatika. Ilikuwa na ufa kabla hajaiwasha ndege, na ndege ile ilitakiwa iwe imeketi chini inakaguliwa, na mimi ndiye niliyeandika iendelee kuruka. Mkono wangu huu." Akainua mkono, upumbavu, nani angeuona. "Pale Nanganga, kuja kwenu, mtu anashuka au anapanda?" "Anapanda." "Ndivyo. Ana uwanda mbele. Alikuwa ameielekeza pua juu aje kwenu, na ndege inapopanda mkia ndio unaobeba, na ndipo ulipokatika. Alikuwa anapanda, Mama Edson. Ikamponyoka akiwa anapanda." Maneno yalitoka bila sauti ya kikao, yalikuwa yanakwaruza, na Mama Khalidi akasema polepole, "Mungu wangu," na mtu fulani mwisho wa benchi akaacha kukohoa.

Kisha sauti ile nzito ikauliza, "Ulijua lini?" na hilo ndilo swali lenyewe, hata kamati haikuliuliza, hata yeye usiku na mchana wa miaka tisa hakujiuliza hivyo, ulijua lini, na jibu lilikuwepo siku zote, fupi, halina kiambatisho. "Siku ya tano." "Kabla ya ule ukumbi." "Kabla." "Nilipokuuliza, ulikuwa unajua." "Nilikuwa najua." Akangoja atukanwe. Aliyataka matusi, aliyaona yangekuwa na joto, akangoja kofi, akangoja mama yule ainuke apapase ukuta aende mbali naye, na maumivu ya kifuani sasa yalikuwa yamefika mabegani na yeye hakuyatafutia hesabu, akayaacha, na benchi halikutikisika, hakuna aliyeinuka, alisikia tu pumzi yake Mama Edson, inaingia, inakaa, inatoka, inaingia, inakaa… viatu vya nesi vikaja kwenye korido, vikasimama mbele yao. "Wazee wangu, bado dakika kumi, msifumbue, eti, msije mkaniharibia kazi," Anastasia akasema, hajui kitu, na viatu vikaenda.

"Sema tena," Mama Edson akasema. "Ipi? Ya siku ya tano?" "Hiyo nimeisikia. Hiyo tutaonana nayo mimi na wewe, Newala, mbele ya watu, utairudia pale pale ulipoisoma ile nyingine." "Nitakuja." "Utakuja. Sasa sema ile ya kupanda." Na Profesa akatafuta sauti, ikachelewa, ikaja imelowa, hakujua machozi ni ya dawa au ni yake, yalikuwa yanashuka tu chini ya kope zilizofumba. "Alikuwa anapanda, Mama Edson." "Anakuja kwangu." "Anakuja kwako. Anapanda." "Tena," akasema, na mkono wake ukapapasa mbao za benchi, haukumtafuta yeye, ulishika ukingo wa ubao ukakaa hapo, "sema polepole, nisikie."